Mashine Isiyo na Mahindi

Bungoma,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Wahu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu hapa bwenini simu ikipatikana inapondwa kwa nyundo mbele ya gwaride, na mwenye simu anarudishwa nyumbani. Barua nazo husomwa na mwalimu wa zamu, zinazotoka na zinazoingia. Kwa hivyo tuandikiane mambo ya vitabu tu. Sijasikia mtu aliyefukuzwa shule kwa mambo ya vitabu.

Nimemaliza riwaya ya mlinzi wa ghala la sukari anayewaua wezi sita, mmoja mmoja. Wa kwanza anapigwa rungu, wa pili anasukumwa ndani ya tangi la molasi akiwa hai. Huo ukurasa wa tangi niliusoma nikila githeri na sikuacha kula. Maoni yangu: damu iko ya kutosha, lakini mwandishi ana haraka. Mtu wa nne anakufa katika sentensi moja. Ikiwa umechukua taabu ya kumleta mtu kitabuni, basi muue vizuri.

Tangu Baba ahamishwe kikazi kutoka Kitale, sina mtu wa kubishana naye. Wasichana wa hapa wanataka riwaya za mapenzi pekee. Wewe bado unatumia simu ya mama yako? Niambie unasikiliza vitabu gani humo.

Msalimie Mama. Msalimie baba yako pia. Bado namkumbuka tukiwa darasa la tano, akitoka kwenye mashine yake ya kusaga na nyusi nyeupe kwa unga, ametubebea mandazi, anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana.

Rafiki yako,
Rispah Khaemba


Kitale,
Jumapili, 1 Juni 2025

Mpendwa Rispah,

Asante kwa barua. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeificha chini ya dawati wakati wa Jiografia.

Nimesikiliza vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha ndugu wawili wanaokatana mapanga kwa sababu ya shamba. Kisa ni kizuri, msomaji ndiye tatizo. Sauti yake ni tamu mno. Panga linaingia begani na yeye anasoma kama anatangaza bei ya mbolea. Cha pili ni cha vita. Nilikiacha katika sura ya pili: mizinga mingi, watu wachache.

Cha tatu sikukipakua. Nakisikiliza kupitia ukuta wa chumba ninacholala. Jina lake silijui. Ni habari za mwanamume mwenye karakana ya mbao. Akitaka kumpiga mkewe, kwanza anavua saa na kuiweka juu ya kabati. Kisha anakwenda kuwasha msumeno wa umeme, bila ubao wowote, ili majirani wasisikie. Anampiga kwa mkanda, upande wenye chuma. Akichoka mkono anatumia mguu. Mke halii. Mwanamume anamwambia, "Sema asante," na yeye anasema asante. Katika sura ya wiki iliyopita alimkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu.

Kuna msichana humo, wa umri wetu. Kazi yake ni kusikiliza. Namchukia yeye kuliko wote.

Kitabu hiki hakina mahali pa kubonyeza kikasimama. Wewe ni msomaji mzuri, Rispah. Kisome polepole, halafu uniambie unadhani msichana afanye nini.

Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya plasta. Kanisani tumesema alipigwa teke na ng'ombe.

Wahu


Bungoma,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Wahu,

Mpe Mama pole nyingi, na huyo ng'ombe auzwe.

Hicho kitabu cha tatu! Heri yenu mna jirani mwenye redio kubwa. Wacha nikueleze. Ijumaa ilikuwa zamu yangu kusimulia katika Chama cha Wasomaji, na maktaba ilikuwa imefungwa wiki nzima. Nikasimama nikasimulia chako. Nilipofika "sema asante," wasichana walilipuka.

Joy aliruka juu ya kiti. "Huyo mama ni mjinga, bana! Ati asante? Mimi ningemmwagia uji moto, tuone kama angedai asante."

"Ungemwagia nani, wewe unaogopa hata panya?" mwingine akamjibu.

"Panya hana mkanda!"

Tulicheka. Halafu mmoja wa Kidato cha Nne akasema, "Mwandishi ni mwanaume, hiyo iko wazi. Mwanamke gani ananyamaza hivyo?" Mwalimu Khisa naye akasema kwamba mhusika asiye na sauti ni kasoro ya mwandishi, si ya mhusika. Niliiandika hiyo.

Umeuliza kuhusu msichana. Maoni yangu ni kwamba yeye ni dhaifu kuliko mama yake. Mwandishi amemweka pale kama kiti. Ama afungue mlango, ama aondolewe kitabuni.

Hata Chepkemei alipenda, yule wa kutoka Kitale ambaye kwa kawaida hulala chamani. Aliniuliza, "Ati msumeno unazunguka na hakuna mbao?" Akataka nirudie hapo na pale pa saa ya kabatini. Amesema atamsimulia mama yake tukienda mapumziko ya katikati ya muhula.

Tumekipa alama nane juu ya kumi. Nitumie sura inayofuata, na usiniambie kama mke anakufa.

Rispah


Kitale,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Rispah,

Usikisimulie tena. Si kitabu.

Si msumeno, ni mashine ya kusaga. Mwanamume ni Baba. Ng'ombe hatuna, tuliuza mwaka jana. Mama aliniapisha nisitaje mambo ya nyumba yetu kwa mtu yeyote, na sikutaka mwalimu wenu wa zamu ayasome, ndiyo maana nikayaandika vile. Nilidhani ukifika kwenye plasta utaelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma mpaka mstari wa mwisho.

Mlimpa Mama alama nane.

Nimesoma barua yako nikiwa nyuma ya madarasa. Lakini hilo tutalizungumza baadaye. Sasa naomba umzuie Chepkemei. Kama ni yule ninayemfikiria, mama yake anauza mboga mkabala na mashine yetu, na wako kanisa moja na Mama. Baba ni mzee wa kanisa. Akisikia kwamba anatajwa mpaka Bungoma, atamuua Mama. Sisemi "atamuua" kama tunavyosema tukitoa maoni.

Mwalimu wa zamu akisoma hii, na asome.

Wahu


Bungoma,
Jumapili, 29 Juni 2025

Wahu wangu,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku tuliyofunga, nikiwa nimeshaondoka kwenda kwetu Malakisi. Nimeipata leo jioni baada ya kurudi, haijafunguliwa na mwalimu yeyote. Imenikuta bado nimeshika sanduku.

Nilikimbia bweni la pili. Chepkemei alikuwa anatandika kitanda. Nilimshika kola nikamuuliza kama amesema. Akaniambia, "Si nilisema nitamsimulia mathe? Nikamsimulia Alhamisi jioni. Alisikiliza mpaka sufuria ikaungua. Halafu asubuhi akaenda kwa wamama wa kanisa. Kwani nini? Si ni kitabu?"

Nilimpiga kofi. Yeye hana kosa lolote na nilimpiga kofi. Kisha nikakaa sakafuni.

Nimempelekea Mwalimu Khisa barua zako zote mbili. Aliisoma ile ya kwanza upya, akavua miwani akaniambia, "Na mimi nilikaa hapo nikafundisha." Amempigia simu mama yangu kisha akanipa nizungumze naye. Mama hakuuliza maswali. Alisema hivi, nakuandikia vile vile: "Gladwell na mtoto wake wakuje hapa. Ile nyumba tulikuwa tunakaushia tumbaku iko na chumba kizuri mbele. Huyo mwanaume akitaka kuwafuata, aulize Malakisi kwa Edinah. Atanikuta na jembe." Kesho asubuhi anakuja Kitale mwenyewe.

Kama barua hii itakufikia kabla yake, jibu hata neno moja. Sitaki maoni. Nataka tu kujua kama mama yako yuko hai.

Rispah


Hospitalini, Kitale,
Ijumaa, 4 Julai 2025

Rispah,

Mama yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu sitaki usome hii kama unavyosoma vitabu.

Mama Edinah alitupata hapa Jumatatu mchana. Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi, kabla hata hujasoma barua yangu.

Wazee wa kanisa walimwita Baba asubuhi. Alirudi saa nane. Hakupiga kelele. Alivua saa, akaiweka juu ya kabati, akatoka akawasha mashine. Akarudi, akafunga mlango kwa komeo, akaketi kwenye kochi kama mgeni. Akaniita.

"Wahu, nasikia uko na kitabu kizuri. Hata Bungoma wanakijua. Hebu nisomee. Kwani mimi sipendi hadithi?"

Nikasema sina kitabu. Alimvuta Mama kwa kitambaa cha kichwa, akampigisha magoti katikati yetu. "Soma."

Nikaanza. Nilisema mwanamume alivua saa. Akasema, "Ndiyo, ameivua. Endelea." Nilisema alimpiga kwa mkanda. Akampiga kwa mkanda. Rispah, kila nilichokisema, alikifanya. Nilipoacha kusema alimpiga mara mbili zaidi na kusema msomaji amepoteza ukurasa. Nikaona ni afadhali niendelee, nikichagua maneno madogo. Nikasema "akamsukuma," akamsukuma, kichwa cha Mama kikagonga mguu wa meza. Nikasema "akamwacha." Hakumwacha. "Hapo umeongeza yako," akaniambia, "rudi pale pa mkono." Sikurudi. Akarudi mwenyewe. Plasta ilipasuka vipande viwili. Alipompiga teke la jicho, kitu fulani kilitoka chenye maji, na sikujua kwamba ni cha jicho. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu. Damu sikuiona mpaka nilipoikanyaga.

Mama hakulia hata hapo. Alisema asante kabla hajaambiwa.

Nikakumbuka uliyoandika: ama afungue mlango, ama aondolewe. Tangu niisome hiyo sentensi nilikuchukia. Mlangoni kulikuwa na Baba. Mezani kulikuwa na mizani ya duka na jiwe lake la kilo mbili. Nikasema kwa sauti tamu, kama yule msomaji wa mapanga, "Halafu msichana akachukua jiwe." Baba akacheka. Nilikuwa nimeshalishika. Nilimpiga nalo juu ya sikio.

Hakuanguka kama wanavyoanguka vitabuni. Alishika kichwa, akatazama mkono wake wenye damu, kisha akanitazama mimi. Aliniangusha chini akanikaba koo kwa mikono miwili. Niliona taa ikiwa nyeusi. Nilisikia kitu kikivunjika ndani ya shingo yangu na nikafikiri, kumbe ni hivi.

Ndipo Mama akapiga nduru. Miaka yote nimeishi naye sikujua ana sauti ile. Ilipita juu ya mashine.

Nje kulikuwa na wanawake wa mtaa wa Kipsongo na gorogoro zao, ile mikebe ya kupimia mahindi, wamesimama wanashangaa mashine inazunguka na hakuna anayewapokea. Walichukua benchi la wateja wakavunja nalo mlango. Walimpiga Baba kwa mikebe hiyo, wakampiga kwa viatu, mmoja alimng'ata bega na hakuachilia mpaka walipomvuta. Mahindi yalimwagika kila mahali na watu wakawa wanateleza. Nilisikia mbavu zake. Alikuwa anaomba kwa majina yao, maana wote anawajua. Polisi wasingefika wangemmaliza, na mimi nisingesema lolote.

Mama ya Chepkemei ndiye aliyetuleta hospitalini. Nilikuwa nimemshika Mama kichwa mapajani. Nikamuuliza kwa sauti iliyokatika alijuaje kwamba kile cha Chepkemei hakikuwa kitabu. Alijibu akiangalia dirishani.

"Mtoto wangu, mashine isiyo na mahindi inalia tofauti. Mtaa wote tunaijua. Ikianza kulia hivyo, mimi naacha kupanga nyanya, naenda ndani, nafunga mlango. Miaka mingapi? Sisi wote. Hakuna mtu alikuwa amesema, basi. Halafu mtoto wangu anakuja kunisimulia jikoni, na anauliza huyo mama ni mjinga kwa nini."

Kwa hivyo usijilaumu kwamba umetangaza siri. Ilikuwa siri ya watu wote. Nilikasirika na bado nimekasirika kidogo, lakini ungenyamaza ungekuwa kama mtaa wetu.

Jicho la kushoto la Mama halitaona tena. Mkono utafanyiwa upasuaji. Mimi naambiwa nisizungumze kwa wiki tatu, ndiyo maana barua ni ndefu. Baba yuko chini ya ulinzi, katika wadi ya wanaume, jengo la pili. Ninaona dirisha lake.

Wahu


Bungoma,
Jumapili, 13 Julai 2025

Wahu wangu,

Nimeisoma barua yako ukurasa mmoja kila siku. Sikuweza zaidi.

Ijumaa nilisimama tena mbele ya Chama. Sikutaja jina lako wala la Mama. Nilisema kile nilichosimulia hakikuwa kitabu, kwamba kuna mwanamke aliyepoteza jicho, na kwamba naondoa kila nililosema juu yake na juu ya msichana. Nilidhani watauliza maswali. Joy alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya jiko analia, akaniambia, "Kwetu ni jenereta." Mwalimu Khisa amezungumza na mama yake.

Chepkemei amenisamehe lile kofi. Ameniambia nimlipe kwa kumwamsha chamani.

Nimejaribu kusoma. Nilichukua kingine, cha askari jela, nikafika mahali anapomfunga mtu kamba miguuni. Nikaanza kufikiria ni nani yuko upande wa pili wa ukuta. Nikakifunga. Sijui kama ni vizuri au vibaya. Sitaki kuacha vitabu, Wahu. Nataka tu kuvisoma nikijua mtu anaumia.

Mama yangu anasema wazee wa kwenu wameanza kuja wadini na matunda. Wanataka nini?

Rispah


Malakisi,
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa Rispah,

Ninaandika nikiwa nimeketi juu ya kitanda chako. Kina shimo katikati na hukuwahi kuniambia.

Uliuliza tangu Julai wazee wanataka nini, na sasa naweza kukujibu. Wanataka kesi iondolewe. Walikuja hospitalini, kisha wakaja hapa Malakisi mara tatu, wakiongozwa na Gikonyo, kaka yake Baba. Mama Edinah aliwafungulia kwa sababu walikuja na mchungaji, lakini jembe alilisimamisha mlangoni wakaliona. Gikonyo anazungumza polepole kama mtu anayepaka mafuta.

"Gladwell, Muigai amejuta. Mbavu nne zimevunjika, sikio moja halisikii. Si amelipa? Mashine imefungwa. Huyu mtoto atasoma na nini? Tuchinje mbuzi, yaishe nyumbani."

"Yalikuwa nyumbani," Mama Edinah alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

"Mama, sisi tunaongea na mke wetu."

Mama hakusema ndiyo wala la. Aliwapikia chai kwa mkono mmoja, akawatilia sukari, akarudi jikoni. Mara zote tatu. Gikonyo aliondoka akitabasamu, na mara ya mwisho alimwambia mchungaji hadharani kwamba jambo limekwisha. Nilimuuliza Mama kama limekwisha. Alinitazama kwa jicho moja akaniambia niende nikaangalie moto. Sikulala vizuri wiki nzima. Kesi ikiondolewa, tungerudi Kitale. Tukirudi Kitale, ningekuandikia barua moja au mbili zaidi, halafu angekuandikia mtu mwingine kukueleza yaliyotupata.

Kesi ilikuwa Alhamisi, Kitale. Baba aliketi mbele amenyoa ndevu, kwenye suti ya kanisani. Gikonyo na wazee walijaza benchi nzima nyuma yake. Upande wetu walikuwa Mama Edinah, mama ya Chepkemei, na wanawake saba wa Kipsongo waliokuja kwa miguu. Hawakuruhusiwa kuingia na mikebe.

Mama alipanda kizimbani. Alivaa lile gauni la bluu la mama yako. Hakimu akamwambia ameelezwa kwamba familia imeketi na kuelewana, na kama ni hivyo aseme mwenyewe, bila kuogopa mtu.

"Familia iliketi," Mama akasema. "Mimi sikuketi nao. Nilikuwa napika chai."

Watu walicheka. Gikonyo hakucheka. Baba alimwangalia Mama, na nikaona kidole chake kinakwenda kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Mama pia aliona. Alirudi nyuma hatua moja, ubao wa kizimba ukalia. Nilifikiri atasema asante.

Akasema, "Sitaki kuiondoa. Na ninaomba niseme kwa Kikuyu. Ndiyo lugha alikuwa ananitukania."

Wakatafuta mkalimani. Ilichukua muda, Mama akasubiri amesimama, akakataa kiti. Akaja mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, akajitambulisha, akafungua kalamu. Mama akashika ukingo wa kizimba kwa mkono mzima, akaanza na mwezi wa kwanza wa ndoa, na kisa hicho mimi sikuwahi kukisikia, nilikuwa bado sijazaliwa.

Mkalimani alimwomba mara mbili apunguze mwendo. Hakupunguza.

Rafiki yako,
Wahu